Nishati Isiyoangamia na Israfu ya Mwenye Kuitumia

Kuna kauli mbili ambazo Mwislamu wa Unguja hufundishwa tangu utotoni, moja skuli na nyingine chuoni, na ambazo aghalabu humaliza umri wake bila kuzikutanisha. Ya skuli husema kwamba nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi uliomo katika kila kinachosogea, kinachowaka au kilichokazwa, haiangamizwi na tendo lolote la binadamu, bali hugeuka kutoka sura moja kwenda nyingine. Ya chuoni husema kwamba israfu, yaani kuitumia neema kupita haja au kuimwaga pasipo haja, imekatazwa, na kwamba mja ataulizwa juu yake. Zikiwekwa pamoja kauli hizi huonekana kugongana, kwa kuwa kama nishati haiangamii, ni vigumu kuona ni kitu gani hasa anachokipoteza mwenye kuipoteza, na ataulizwa kuhusu nini. Swali hili hujitokeza wazi zaidi katika mwendo wa kwenda na kurudi, kwa sababu kitu kinachokwenda na kurudi humaliza duru yake pale pale kilipoanzia, kikiwa na umbo lile lile, na bado kuna kitu kimeondoka ambacho hakirudi pamoja nacho.

Sura safi kuliko zote ya tatizo hili imo katika mashine ambazo hadi sasa ziko zaidi kwenye hesabu kuliko kwenye karakana. Mwaka 1992 mhandisi wa Marekani, K. Eric Drexler, alichapisha kitabu alichokiita Nanosystems, ambamo alikokotoa tabia za gia, beringi na fito zitakazojengwa kwa kupanga atomu za kaboni katika mpangilio wa almasi, zikiwa na upana wa nanomita chache tu. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Katika almasi, umbali baina ya atomu moja ya kaboni na jirani yake ni nanomita 0.154, kwa hiyo ufito wenye upana wa nanomita 3 hauna zaidi ya atomu makumi machache kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Almasi, ambayo Watanzania huijua kama mali ya Mwadui, Shinyanga, ambako mwanajiolojia wa Kanada John Williamson aligundua mgodi mwaka 1940, haikutazamwa hapa kwa thamani yake ya kito. Ilitazamwa kwa ukaidi wake: uwezo wake wa kukataa kupindwa au kunyooshwa unafika mara 5 ya ule wa pua, yaani chuma kigumu cha misumeno na visu, na hupitisha joto takriban mara 5 kuliko shaba. Kama kuna kiumbe cha kimaada kinachoweza kwenda na kurudi bila kulipa chochote, ilitarajiwa kiwe hiki.

La kwanza la kuondolewa njiani ni dhana kwamba hasara ya mwendo huu inatokana na kule kusimama na kugeuka. Dhana hiyo ina nasaba ndefu. Aristotle alishika kwamba kitu kinachoelekea upande mmoja kisha kikarejea upande wa pili lazima kitulie baina ya miendo miwili, kwa kuwa miendo inayopingana haiwezi kuungana ikawa mwendo mmoja. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiunga mkono rai hiyo, na Abu al-Barakat al-Baghdadi, katika karne iliyofuata, akaipinga. Fizikia ya leo inaelekea upande wa al-Baghdadi, kwa maana kwamba hakuna muda wowote, hata uwe mfupi namna gani, ambao kitu kinachoyumba hukaa kimetulia huko mwisho wa mwendo wake. Ipo nukta tu ambayo kasi yake ni sifuri, na mara ile ile kimeshaanza kurudi. Na hata katika nukta hiyo nishati haijaenda popote. Ufito wa almasi uliofungwa kwenye kiungo kinachonesa ukisukumwa, nishati ya mwendo wake hugeuka kuwa nishati ya mkazo, na mkazo unapofunguka hugeuka tena kuwa mwendo, na katika ubadilishanaji huo hakuna sababu ya kimaumbile inayolazimu kupotea hata chembe moja. Wahandisi waliozoea mashine nzito, ambazo breki zake huungua kila zinaposimamishwa, ndio walioliona suala la kugeuka kuwa ndilo adui, na katika ulimwengu mdogo wa nanomita adui huyo ana dawa.

Hasara imo njiani. Atomu za almasi hazitulii hata jiwe likiwa limewekwa juu ya meza. Kila moja hutetemeka mahali pake, na mitetemo hiyo husafiri ndani ya jiwe kwa mawimbi ambayo wanafizikia huyahesabu kwa vifungu viitwavyo fononi, hata ikawa joto la almasi si kitu kingine ila wingi wa fononi hizo zikienda kila upande bila mpango. Ufito unapopindwa, ubavu unaobanwa hupata joto kidogo na ubavu unaonyooshwa hupoa kidogo, na kabla ufito haujarudi, kiasi fulani cha joto huwa kimeshavuka kutoka ubavu wa kwanza kwenda wa pili. Mwendo unarejea lakini joto lile halirejei kwa njia liliyopitia, na tofauti hiyo ndiyo hasara, kama alivyoieleza mwanafizikia Clarence Zener mwaka 1937. Vipande viwili vinapoteleza kimoja juu ya kingine, hata kama nyuso zao zimepangwa vizuri kiasi cha kutoshikana kabisa, kila kimoja huzikuta fononi za mwenzake na kuzitawanya, na humo huzaliwa ukinzani mdogo unaokua kadiri kasi inavyokua. Na juu ya uso wa ufito, ambako atomu za nje hazina jirani wa kushikana naye upande mmoja, kuna vijidosari vinavyobadilika hali kila vinapokazwa na kulegezwa. Mwaka 2014 watafiti wa Zurich, Uswisi, walitangaza kwamba fito zao nyembamba za almasi, zikitetemeshwa ndani ya ombwe, zilihifadhi mwendo wao kwa kipimo kinachozidi milioni moja, na maana yake ni kwamba katika kila duru moja ufito ulipoteza kama sehemu 6 tu katika milioni za nishati iliyokuwamo. Ni kiasi kidogo mno, na hata hivyo si sifuri, maana ufito huo ukiachwa bila kusukumwa tena hatimaye utatulia.

Lililo zito kwa mjadala huu ni kwamba sehemu kubwa ya hasara hizo haina kiwango cha chini kilichowekwa. Ukinzani wa kuteleza ukikua sambamba na kasi, basi umbali ule ule ukikatwa kwa nusu ya kasi hugharimu nusu ya nishati katika kila duru, na kwa robo ya kasi hugharimu robo, na hesabu huendelea kushuka bila kugonga sakafu maadamu mwendeshaji ana subira ya kutosha. Ndiyo maana waliokokotoa mashine hizi walipendekeza ziende polepole na ziwe nyingi, ili kazi isiyofanywa na mmoja mwenye haraka ifanywe na wengi wenye utulivu.

Msomaji wa Unguja hana haja ya kungoja mashine za almasi zijengwe ndipo alione jambo hili likitendeka, kwa sababu kisiwa chake kinaishi kwa mwendo wa aina hiyo hiyo, tena unaopimwa kwa nanomita vile vile. Tangu mwaka 1980 umeme wa Unguja umekuwa ukitoka bara kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari kati ya Ras Kiromoni na Fumba, na mwaka 2013 uliongezwa waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100 juu ya megawati 45 za ule wa kwanza. Umeme huo ni wa mkondo geu, yaani mkondo unaobadili upande wake, ambao katika sekunde moja hukamilisha duru 50 za kwenda na kurudi. Huzungumzwa mara nyingi kana kwamba kuna kitu kinachomiminika kutoka bara na kuishia katika taa za Mji Mkongwe, lakini elektroni, chembe ndogo zenye chaji ambazo ndizo zinazobeba mkondo, hazisafirishwi na mkondo huo kwenda mahali popote: katika waya wa shaba unaopitisha amperi 1 kwa kila milimita mraba, mwendo wao wa pamoja kutoka ncha moja ya duru hadi nyingine hauzidi sehemu moja ya elfu ya milimita, yaani ni nanomita mia sita na kitu. Elektroni za waya wa nyumba ya Shangani au Malindi huyumba pale pale zilipo, na kinachofika kutoka bara ni msukumo. Zinapoyumba hukutana na mitetemo ya atomu za shaba, fononi zile zile zilizotajwa katika almasi, zikaipa mitetemo hiyo sehemu ya nguvu zao, waya ukapata joto, na joto likaingia mchangani na majini. Waya wa baharini hujazwa chaji na kutolewa chaji katika kila duru hata saa ambayo hakuna aliyewasha taa upande wa pili, na ndiyo sababu waya wa baharini ulio mrefu sana hutengenezewa mkondo mnyoofu, ule usiogeuka.

Desemba 2009 njia hiyo ya umeme iliharibika, na Unguja ikakaa bila umeme wa bara hadi Machi 2010; pampu za maji zikasimama na watu wakarudi kwenye visima na ndoo, na wenye uwezo wakawasha jenereta. Kifalsafa, miezi ile inafundisha kuliko majaribio mengi ya maabara. Bahari inayopiga ukuta wa Forodhani ina joto la nyuzi 25 na zaidi mwaka mzima, na nishati iliyomo katika joto hilo ni nyingi kiasi kwamba mahitaji ya kisiwa kizima ni kitu kidogo mno mbele yake. Na bado mtu aliyesimama ukutani pale usiku, akiwa amezungukwa na nishati kila upande, hakuweza kuwasha taa moja kwa nishati hiyo. Nishati ilikuwapo ila haikuwa na mpango. Chembe za maji zilikuwa zikienda huku na huko, kila moja kwa njia yake, na hakuna chombo kinachoweza kuzishurutisha ziende pamoja bila ya kupatikana mahali penye baridi zaidi pa kulipokea joto lao. Wanafizikia huita kipimo cha ukosefu huo wa mpango entropia, na kanuni yao ya pili ya joto husema kwamba katika mfumo uliojifunga, kipimo hicho hakipungui. Kwa hiyo nishati inayotoka katika waya wa Fumba na kuingia baharini haijaangamia, bali imejiunga na umati ambao hakuna anayeweza kuuita kwa jina.

Hapa ndipo fikihi inaposema neno lililotangulia fizikia kwa karne nyingi. Katika mapokezi yaliyomo kwa Ibn Majah, ambayo isnadi yake imejadiliwa na wanazuoni wa hadithi lakini maana yake imeshikwa na mafakihi wengi, Mtume (s.a.w.) alimpitia Sa'd bin Abi Waqqas akitawadha, akamkemea kwa israfu, na alipoulizwa kama katika udhu nako kuna israfu, akathibitisha kwamba ipo hata kwa aliye kwenye mto unaopita. Mto ni mfano uliochaguliwa kwa makusudi makubwa. Maji yanayomwagwa ukingoni mwa mto hurudi mtoni. Hayajapungua hata tone, na hakuna jirani aliyenyimwa. Kama israfu ingekuwa na maana ya kuangamiza, pasingekuwa na israfu mtoni, na udhuru wa kwamba hakuna kilichopotea ungetosha. Udhuru huo umekataliwa, na kwa kukataliwa kwake imefahamika kwamba kinachoulizwa ni uhusiano baina ya tendo na haja yake, hata pale ambapo dutu yenyewe imebaki nzima. Mwenye kuacha kiyoyozi kikivuma katika chumba kitupu cha hoteli hawezi kujitetea kwa kanuni ya skuli, kwa kuwa kanuni hiyo inazungumzia kuwapo kwa nishati, na hukumu inazungumzia amana aliyokabidhiwa yeye.

Lakini ikiwa kipimo ni haja, basi si kila hasara ni israfu, na ni kosa, ingawa ni kosa la wema, kuliona kila joto linalotoka kuwa dhambi. Katika pwani ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako vyombo vya mbao bado huundwa kwa mkono, matundu ya misumari yalitobolewa kwa vizazi vingi kwa keke, na umeme haujakifuta chombo hicho katika ujuzi wa mafundi. Kamba ya uta hupigwa mzingo kwenye msukano, kile kijiti cha mviringo kilichochomekwa ncha ya chuma. Mkono mmoja hukandamiza jivu, yaani kishikio cha juu ambacho msukano huzunguka ndani yake, na mkono wa pili huvuta na kusukuma uta. Ncha imefuliwa bapa na kunolewa pande mbili, kwa hiyo hukata inapozunguka kulia na hukata inapozunguka kushoto, na unga wa mbao hutoka mdomoni mwa tundu kidogo kidogo, mweupe mwanzoni, kisha wa rangi ya kahawia kadiri tundu linavyopata moto. Fundi huichomoa ncha, huiacha ipoe, kisha huirudisha kwa mkono wa polepole zaidi. Sehemu kubwa ya jasho lake imekwenda katika joto la mbao na la kamba, na tundu lenyewe limechukua sehemu ndogo tu, na hata hivyo hakuna fakihi atakayemwambia kuwa amefanya israfu, kwa kuwa tundu halipatikani bila ya kukata, na kukata hakupatikani bila ya kusugua. Kile kinachozidi joto la lazima, yaani lile linaloletwa na pupa ya mwanafunzi anayevuta uta kwa nguvu hadi mbao ikafuka, ndicho kinachoingia katika hesabu nyingine.

Pana pia shutuma ya pili dhidi ya mwendo wa kwenda na kurudi, tofauti na israfu, nayo ni kwamba ni abathi, yaani tendo lisilo na lengo, kwa kuwa linarudi lilikotoka. Shutuma hii haina uzito mkubwa, na ibada yenyewe inaijibu. Mwenye kuhiji hukata masafa baina ya Safa na Marwa mara saba, akifuata nyayo za Bi Hajar aliyetafuta maji kwa ajili ya mwanawe, na hakuna aliyewahi kusema kwamba hatua zake zimefutana kwa sababu alirudi. Katika maulidi ya homu yasomwayo Unguja, yanayonasibishwa na tarika ya Rifaiya, vijana hupiga magoti kwa safu na kuyumba kwa pamoja hadi jasho likawatoka, wasifike popote ardhini. Lengo la mwendo si lazima liwe mwisho wa njia yake.

Bahari inaleta ugumu zaidi. Mwendo mkubwa kuliko yote wa kwenda na kurudi unaoonekana Unguja ni wa maji kujaa na kupwa, mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua bahari ya Paje na Jambiani hurudi nyuma masafa marefu, wanawake wakaingia kwenye mashamba ya mwani yaliyoachwa wazi, kisha maji yakarejea juu ya mashamba hayo. Kila yanapokwenda na kurudi, maji husugua mchanga, miamba na matumbawe, na kote duniani msuguano huo hugeuza kuwa joto takriban wati trilioni 3.7 bila kukoma. Nishati hiyo inatolewa na mzunguko wa dunia wenyewe: siku inarefuka kwa kiasi cha milisekunde mbili hivi kwa kila karne, na mwezi unajitenga na dunia kwa sentimita 3.8 kila mwaka, kipimo kilichopatikana kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa mwezini kuanzia mwaka 1969. Mwaka 1963 mwanasayansi wa Marekani John Wells alihesabu mistari midogo ya ukuaji katika matumbawe ya kale sana na kuona kwamba zamani hizo mwaka mmoja ulikuwa na siku zipatazo 400. Inafaa kukumbukwa kwamba nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, ya umri mdogo zaidi bila shaka, lakini ya jamii ile ile ya viumbe ambavyo ndivyo vilivyoweka daftari la hasara hii. Ni nishati kubwa mno, haimwangazii mtu yeyote, na imekuwa ikitawanyika kabla hapajakuwa na mtu wa kuulizwa. Kuiita israfu ni kumshtaki Asiyeshtakiwa, na kuiita abathi ni kudai lile ambalo Qurani inalikanusha waziwazi, kwamba uumbaji ungekuwa mchezo. Basi kutawanyika kwenyewe, kama jambo la maumbile, hakuna lawama; lawama huanza pale panapokuwa na mwenye kuchagua.

Jibu hili lingetosha kwa fikihi, lakini ilmu ya kalam, yaani elimu inayojadili itikadi kwa hoja, haiwezi kuishia hapo, kwa sababu bado halijaelezwa lile neno kutawanyika. Mtu wa madhehebu ya Ashari, ambayo ndiyo iliyosomeshwa na mashekhe wa Kishafii wa Unguja kama Ahmad bin Sumait (1861–1925) na Abdalla Bakathir (1860–1925), aliyeasisi madrasa yake Ukutani, anaweza kusema kwamba joto halitoki katika waya kwa nguvu yake lenyewe, kwa kuwa sifa za vitu huumbwa upya kila wakati, na kule kufuatana kwa msuguano na joto ni ada aliyoiweka Mwenyezi Mungu, kama Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alivyosema juu ya moto na pamba. Hoja hiyo haiondoi tatizo. Ada hiyo ni thabiti, na hukumu zote za sharia zimejengwa juu ya uthabiti wake. Anayemwasha mwenzake moto hasamehewi kwa kusema kwamba moto hauunguzi kwa dhati yake.

Lenye kuangaza zaidi ni jambo jingine alilolishikilia Ghazali. Katika Tahafut al-Falasifa aliwahukumu wanafalsafa kwa ukafiri katika masuala matatu: kusema kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kusema kwamba Mungu hajui mambo ya pekee moja moja bali anayajua kwa ujumla tu, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. La pili na la tatu yameshikana kwa namna ambayo elimu ya joto inasaidia kuiona. Mwaka 1867 James Clerk Maxwell wa Uskoti alibuni kiumbe wa kufikirika, mdogo na mwenye macho makali, anayelinda mlango baina ya vyumba viwili vya hewa, akiruhusu chembe zenye kasi zipite upande mmoja na za taratibu zipite upande wa pili, hata joto lililotawanyika likakusanyika tena bila kazi yoyote. Kiumbe huyo aliwasumbua wanafizikia kwa miaka mingi, hadi Rolf Landauer alipoonyesha mwaka 1961, na Charles Bennett akakamilisha baadaye, kwamba gharama imo katika kusahau: kiumbe mwenye kumbukumbu yenye mpaka lazima afute alichokijua ili apate nafasi ya kujua kingine, na kila kifungu kimoja cha habari kikifutwa katika joto la kawaida la chumba hutoa joto lisilopungua jouli moja iliyogawanywa vipande trilioni, na kila kipande kikagawanywa tena mara bilioni, vikachukuliwa vipande 3 hivi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikikaribia kiwango hicho. Kwenda na kurudi, kama ilivyoonekana katika fito za almasi, hakuna sakafu ya gharama, kusahau kunayo.

Kutokana na hayo inafahamika kwamba kupotea kwa nishati ni jambo linalomhusu mjuzi mwenye mpaka. Joto ni mwendo ambao hesabu yake imemponyoka kiumbe, na hawezi kuirejesha kwa sababu kujua kwake kunakuja kwa kupata na kunakwisha kwa kufuta. Elimu ya Mwenyezi Mungu, kwa itikadi ya Waashari na Waibadhi pamoja, ingawa makundi haya mawili yanatofautiana sana katika kueleza sifa na dhati, haikupatikana baada ya kukosekana wala haifutwi, kwa hiyo bei ile ya kusahau haimfikii. Qurani inapowajibu wanaostaajabu vipi mifupa iliyooza na kuchanganyika na udongo itakusanywa, inawajibu kwa elimu pamoja na uwezo: kile ambacho ardhi inakipunguza kutoka kwao kinajulikana. Ghazali aliona kwamba anayekanusha elimu ya mambo ya pekee hana njia ya kuukubali ufufuo, na aliona sawa. Haifai hata hivyo kwenda mbali zaidi na kudai kwamba Landauer ameuthibitisha ufufuo, kama baadhi ya waandishi wa siku hizi wanavyopenda kuivisha kila aya kanzu ya maabara; fizikia haikusema lolote juu ya siku hiyo, na imani iliyotundikwa juu ya jaribio huanguka jaribio linaporekebishwa. Kinachosaidiwa na fizikia ni ufahamu wa maneno tu: kwamba kupotea kwa kiumbe na kuangamia katika kuwapo ni vitu viwili, na kwamba mja huulizwa kwa kile cha kwanza kwa sababu yeye ndiye aliyewekewa mpaka, akakabidhiwa nishati ikiwa bado ina mpango, na hawezi kuurudisha mpango huo akishauvunja.

Inabaki hesabu ya haraka, ambayo ndiyo iliyo mikononi mwa watu. Joto linalotoka katika waya hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo ukipunguzwa nusu hasara ya kila dakika hushuka hadi robo. Na kazi ile ile ikifanywa kwa mkondo nusu katika muda mara mbili, jumla ya kilichopotea njiani ni nusu ya kile ambacho kingepotea kwa pupa, uwiano ule ule uliopatikana katika ufito wa almasi unaoendeshwa kwa nusu ya kasi. Jioni ya Unguja, wakati taa, feni, viyoyozi na majiko ya hoteli vinapowashwa karibu saa moja, waya wa Fumba hulipa zaidi kwa kila uniti inayofika kuliko unavyolipa alfajiri. Wodi ya Hospitali ya Mnazi Mmoja haiwezi kuambiwa isubiri, na haraka yake ni haja kamili ambayo hasara yake haina lawama. Pampu inayojaza tangi la juu la nyumba ya wageni inaweza kujaza wakati wowote baina ya usiku wa manane na asubuhi, na mwenye nyumba anayeiwasha saa moja jioni kwa mazoea tu amechagua hasara kubwa pale ambapo ndogo ingemtosha, ingawa tangi limejaa sawasawa, na hakuna jouli hata moja iliyoangamia.